Sauti Ndiyo Somo: Zana za Kompyuta katika Kozi za Mtandaoni za Matamshi ya Kiswahili



1.0 Utangulizi

Maandishi ya Kiswahili huficha mambo ambayo sikio huyadai. Neno barabara likitiwa mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho huwa ni njia; mkazo ukirudi silabi moja nyuma, maana huwa ni sawasawa kabisa. Kadhalika, katika Kimvita, paa la nyumba hutamkwa bila mpumuo, ilhali paa wa mwituni hutamkwa kwa mpumuo. Hati sanifu haionyeshi tofauti hizo. Kwa hiyo, anayeandaa kozi ya matamshi mtandaoni hawezi kuichukulia sauti kuwa pambo la somo. Sauti ndiyo somo lenyewe.

2.0 Kunasa na Kuhifadhi

Kompyuta inaponasa sauti huipima mara nyingi kila sekunde, na mitetemo inayohifadhika haizidi nusu ya idadi ya vipimo hivyo. Simu za kidijiti za kawaida zilipima mara 8,000 kwa sekunde. Mitetemo iliyozidi 4,000 ikapotea. Sehemu kubwa ya nguvu ya kitamkwa s imo humo mlimopotea, ndiyo maana saa huweza kusikika faa. Yafaa basi kunasa kwa vipimo 44,100 vya biti 16.

Ubora huo una gharama. Dakika kumi za sauti ya mkondo mmoja katika faili ya WAV huchukua takriban megabaiti 53. Mwanafunzi anayenunua bando kwa fedha zake mwenyewe hatalifungua somo hilo. Zikigeuzwa kuwa MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde, hushuka hadi megabaiti 4.8 hivi. Mwanafunzi apewe MP3, lakini mwalimu asiitupe WAV, kwani kilichoondolewa wakati wa kubana hakirudi.

Kwa uhariri, programu ya Audacity, iliyotolewa kwa umma mwaka 2000, hupatikana bila malipo. Hata hivyo, kifaa chake cha kupunguza makelele kitumiwe kwa hadhari. Mpumuo nao ni sauti hafifu inayofanana na kelele. Ukisafisha kupita kiasi, unaweza kuufifisha, na paa wa mwituni akageuka paa la nyumba.

3.0 Kuunda Somo

Moodle, iliyoanza kutolewa mwaka 2002, ni jukwaa la kuendeshea kozi. H5P, iliyotokea mwaka 2013, humwezesha mwalimu asiyejua kuandika programu kuambatanisha sauti na maswali. Zoezi la mlinganuo finyu lipangwe hivi: mwanafunzi asikie kwanza, achague maana, kisha ndipo aone maandishi. Akiliona neno mapema, jicho litalijibia sikio.

Zana hizi hazidumu. Tarehe 31 Desemba 2020 Adobe iliacha kuihudumia Flash, na mazoezi yaliyofungiwa ndani yake yakanyamaza. Aliyehifadhi rekodi, maandishi na majibu nje ya zana aliweza kuyajenga upya. Aliyeviacha humo hakuwa na pa kuanzia.

4.0 Sauti ya Nani?

Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu. Uchaguzi huo haukuzifanya lahaja nyingine kuwa makosa. Lakini kozi yenye sauti moja tu humfundisha mgeni kwamba Mmvita anayetia mpumuo amekosea lugha ya mama yake. Kila rekodi iandikiwe lahaja, mahali, tarehe na idhini ya msemaji. Pia iambatane na maandishi kamili, ili asiyesikia asifungiwe mlango.

5.0 Hitimisho

Mambo matatu, basi, yazingatiwe: tunase kwa ubora, tusambaze kwa wepesi, na tuhifadhi asili nje ya zana. Programu zitapita na nyingine zitakuja. Msemaji wa lahaja akishaondoka, hakuna zana itakayomrejesha. Kitakachobaki ni ile rekodi tuliyoitunza.