Mwenza yuko Ulaya, maisha yako Mpanda: Utalithibitishaje hilo?

Mpanda. Ndoa nyingi siku hizi zinaendeshwa kwa simu. Mmoja yuko Mpanda, mwingine yuko Birmingham au Hamburg kwa kazi au masomo, na katikati yao wapo watoto waliozoea kumwona mzazi kwenye kioo cha simu. Fedha zikiruhusu, aliyebaki hufunga safari kwenda kumwona mwenzake.

Safari ya kwanza ikifanikiwa, wengi huamini ya pili na ya tatu zitakuwa rahisi. Inawezekana, lakini swali linabadilika. Mara ya kwanza ofisa wa viza hutaka kujua kama utarudi. Ukishakwenda mara tatu, hutaka kujua unaishi wapi hasa.

Swali hilo la pili ndilo linalowakwamisha wengi, kwa sababu barua moja haitoshi kulijibu. Linajibiwa na mwaka wako mzima.

Kanuni zinasemaje

Uingereza humruhusu mgeni wa matembezi kukaa kwa kawaida hadi miezi sita kwa safari moja. Lakini kanuni zake zinamtaka aondoke safari inapokwisha, na zinamkataza kuigeuza nchi hiyo makazi yake kwa safari za mara kwa mara. Hakuna idadi ya safari iliyowekwa. Kinachopimwa ni ulikaa muda gani, ulirudi nyumbani kwa muda gani kabla ya kuondoka tena, na kama mwaka uliopita ulikuwa kule zaidi kuliko hapa.

Nchi za Schengen, zikiwamo Ujerumani, Ufaransa na Italia, hutumia hesabu: siku zisizozidi 90 katika kila siku 180. Ukikaa Januari Mosi hadi Machi 31, siku 90 zimekwisha, na huwezi kurudi hadi mwishoni mwa Juni. Tangu Oktoba 12, 2025 nchi hizo zilianza kusajili kuingia na kutoka kwa mfumo wa kielektroniki, hivyo siku ulizozidisha zinaonekana kirahisi zaidi kuliko enzi za mihuri.

Uaminifu nao una faida. Aliyepata viza tatu za Schengen ndani ya miaka miwili na kuzitumia ipasavyo anaweza kupewa ya mwaka mmoja ya kuingia mara nyingi.

Marekani sheria yake humchukulia kila mwombaji wa viza ya matembezi kuwa anataka kuhamia, hadi yeye mwenyewe athibitishe vinginevyo. Mwaka 2025 nchi hiyo iliwaongezea Watanzania masharti mengine, hivyo soma kwanza matangazo ya ubalozi kabla ya kulipa chochote.

Karatasi ziseme jambo moja

Chukua mfano wa muuguzi aliyeajiriwa hapa Mpanda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa likizo isiyopungua siku 28 kwa mwaka. Akiomba kwenda kwa mumewe kwa wiki tatu, akaambatanisha barua ya likizo inayotaja tarehe ya kurudi kazini, maelezo yake yanaeleweka. Akiomba miezi mitano, barua hiyohiyo inampinga: kazi gani inayomngoja miezi mitano?

Mkulima wa tumbaku ana tatizo jingine. Fedha zake huingia kwa mkupuo wakati wa masoko, kisha akaunti hukauka. Ofisa asiyejua kilimo chetu akiona mamilioni yameingia ghafla, anaweza kudhani ni fedha za kuazima. Dawa yake ni kuambatanisha stakabadhi za malipo kutoka chama cha msingi, za msimu huu na uliopita, pamoja na maelezo mafupi ya jinsi msimu unavyokwenda. Kama shamba lina hati ya hakimiliki ya kimila, iweke.

Mwenye duka aonyeshe leseni, namba ya mlipakodi, risiti za kodi na miamala ya miezi sita. Aeleze pia nani atabaki dukani, maana duka linalofungwa miezi mitatu bila shida halimvuti mtu kurudi.

Barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa inasaidia, ila nyaraka za Kiswahili zinahitaji tafsiri. Kwa Uingereza, kila hati isiyo ya Kiingereza lazima iambatane na tafsiri kamili. Alama za vidole utazitoa Dar es Salaam, na kutoka Mpanda kwa treni kupitia Kaliua na Tabora si safari ya kurudia kwa sababu ya karatasi moja.

Usimfiche mwenza

Wapo wanaoshauriwa waandike kwamba wanakwenda kutalii, kwa hofu kwamba kuwa na mume au mke kule kutawanyima viza. Ni kweli mwenza aliye nje ni sababu kubwa ya kutorudi, na ofisa ataipima. Lakini ukigundulika umedanganya, hapo si ombi hilo tu linaloanguka. Uingereza inaweza kukufungia hadi miaka 10. Mtaje, eleza mlivyooana, kisha onyesha kinachokurudisha nyumbani.

Ukikataliwa, soma sababu. Kuomba tena wiki inayofuata kwa karatasi zilezile ni kupoteza ada. Schengen ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi. Huko una haki ya kukata rufaa. Viza ya matembezi ya Uingereza kwa kawaida haina rufaa, bali unaomba upya baada ya kurekebisha kasoro.

Watoto wanaobaki

Mtoto anayesoma Mpanda ni kiungo halisi na nyumbani, na barua ya shule ina uzito. Lakini kumwacha mtoto ili tu awe ushahidi ni kumbebesha mzigo usio wake. Mtoto mdogo anaweza kurudia kukojoa kitandani, kukosa hamu ya kula au kung'ang'ania mlezi. Mwambie ukweli kabla ya kuondoka, mwonyeshe tarehe ya kurudi kwenye kalenda, na uitimize.

Mwachie mlezi kadi ya kliniki, kadi ya bima na barua inayomruhusu kumpeleka hospitali. Kama ana umri wa miezi 9 au 18, ni wakati wa chanjo ya surua na rubela. Usisafiri ukaisahau.

Wewe nawe kumbuka afya yako. Schengen hudai bima ya angalau euro 30,000. Uingereza, mgeni anaweza kutozwa asilimia 150 ya gharama za matibabu hospitalini, uzazi ukiwamo, hivyo mjamzito apige hesabu hiyo mapema.

Matembezi yakigeuka maisha

Kuna wakati jibu la kweli la swali la ofisa ni kwamba mnataka kuishi pamoja. Hapo viza ya matembezi haifai tena. Uingereza ina viza ya mwenza, na tangu Aprili 2024 kwa kawaida anayewaombea wapya huonyesha kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka. Mtanzania anayekwenda kukaa zaidi ya miezi sita hupimwa pia kifua kikuu.

Ni njia ndefu na ghali. Wanandoa waizungumze mapema, wakiwa wote wawili wanajua ni nyumba ipi wanayoijenga na watoto watakulia wapi. Mkishakubaliana hilo, hata karatasi za ubalozini huwa rahisi kuzipanga.