Fedha za Ujirani Mwema: Nani Azishike?

Miaka michache iliyopita, huku kwetu kando ya barabara ya Bagamoyo, tulikuwa na upatu wa wanawake kumi na wanne. Saba walikuwa wa msikitini na saba tulikuwa wa kanisani, lakini hakuna aliyewahi kutuhesabu namna hiyo mpaka siku fedha ilipokuja.

Fedha yenyewe ilikuwa njema. Ilikuwa ruzuku, yaani fedha isiyorudishwa, kutoka kwa mfadhili aliyetaka kupunguza chuki za dini na za rangi katika jamii. Iliombwa na kamati ya kanisa letu. Tukaandaa semina ya siku mbili katika ukumbi wa kanisa, tukawaalika jirani zetu Waislamu. Siku ya kwanza tuliipanga Ijumaa! Kuku walichinjwa na kijana wa kwaya, kwa hiyo wageni walikula wali mtupu na kachumbari. Orodha ya posho tukaisaini sisi wenyeji. Wao wakapewa soda na nauli. Nikiikumbuka orodha ile naona haya mpaka leo.

Juma lililofuata, bombani, jirani yangu aliyempokea mtoto wangu wa pili kwa mikono yake aliniuliza, tena bila hasira, kama ni kweli siku hizi tunalipwa ili tuwapende. Upatu wetu haukumaliza mzunguko.

Mpenzi msomaji, usidhani basi ruzuku ni kitu kibaya. Yule Msamaria wa kwenye Injili alitoa fedha, dinari mbili, akamkabidhi mwenye nyumba ya wageni kwa ajili ya mtu asiyemjua wala asiye wa kabila lake. Nami kila nikisoma habari ile humkumbuka Mhindi mmoja wa Bagamoyo.

Huyo ni Sewa Haji Paroo, Mwislamu wa madhehebu ya Ismailia, mfanyabiashara aliyeiuzia misafara ya bara nguo na shanga na kuitafutia wapagazi. Katika miaka ya 1890 alitoa jengo la shule Bagamoyo, akataka lipokee watoto bila kubagua rangi wala dini. Fikiri wakati huo ulivyokuwa: Wajerumani ndio watawala, na kila watu wana mahali pao. Alitoa pia fedha za hospitali Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1897, lakini akina mama waliouguza ndugu zao Muhimbili wanalijua jengo la Sewahaji, ingawa wengi hawajui kwamba hilo ni jina la mtu. Kilichonigusa ni lile sharti lake. Hakuwaita watu wakahubiriwe kupendana. Alitaka watoto wakae dawati moja.

Na haja ya fedha za namna hiyo haijaisha. Oktoba 2012, Mbagala, Dar es Salaam, watoto wawili walibishana juu ya Kurani, mmoja akaivunjia heshima. Kabla ya ugomvi kutulia, makanisa kadhaa yalikuwa yamechomwa moto. Ubishi wa watoto! Nami hujiuliza: lau mama zao wangekuwa wanashona pamoja au kucheza upatu mmoja, habari ile ingefika kwanza kwa nani?

Rangi nayo ina habari yake huku pwani. Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Ujiji na Tabora. Pembe za ndovu na watumwa walishushwa pale kuvushwa kwenda Unguja. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofika mwaka 1868 walijenga kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Leo Wazaramo, Wakwere, Wadoe, watu wenye asili ya Uarabuni na ya Uhindini, pamoja na sisi wa kuja kutoka bara, wote tunachota maji bomba moja. Lakini maneno ya zamani hayajafa. "Mtumwa yule," "kale kahindi," "hawa wa bara," "hawa waswahili wavivu." Mtoto hayatoi shuleni maneno hayo. Anayasikia jikoni, mama anapokuna nazi. Na mara nyingi kinachoitwa ugomvi wa dini ni ugomvi wa kiwanja: mtu wa bara amenunua, mwenyeji anaona ameuziwa shamba la babu yake, na kwa kuwa mmoja anakwenda kanisani na mwingine msikitini, dini ndiyo inayobebeshwa mzigo.

Ruzuku zipo. Foundation for Civil Society imekuwa ikitoa ruzuku kwa asasi za wananchi tangu mwaka 2003. Mfuko wa Wanawake Tanzania, ulioanzishwa mwaka 2008, husaidia vikundi vya wanawake. Msizichanganye na mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo asilimia 4 ni ya wanawake. Hiyo haina riba, lakini hurudishwa. Ilisimamishwa mwaka 2023 ikarejea mwaka 2024. Ofisa maendeleo ya jamii wa kata yako ndiye wa kumwendea kwanza, kwani kikundi kisichosajiliwa, kisicho na katiba wala akaunti ya benki, maombi yake hayafiki mbali.

Ila kabla ya kuandika andiko la mradi, kaeni chini. Jina la mwombaji liwe la kikundi, lisiwe la kanisa wala la msikiti. Watia saini benki watoke pande zote mbili. Kama kuna posho, iwe sawa kwa wote, au isiwepo kabisa. Mimi napendelea isiwepo. Mikutano isigonge Ijumaa mchana wala Jumapili asubuhi. Nyama ichinjwe na Mwislamu, tule sote. Sisi haitudhuru, na mambo ya uchinjaji yameshatoa damu ya watu katika nchi hii, kule Geita mwaka 2013. Stakabadhi zisomwe mbele ya wanachama wote, hata za chumvi.

Sisi ilituchukua mwaka mzima kuanza tena. Nilikwenda mwenyewe kwa jirani yangu, nikamwomba radhi juu ya ile orodha. Akacheka, akaniuliza kama safari hii nimemletea na posho yake. Tulikubaliana tusianze na semina bali na kazi: kushona sare za shule za watoto wa mtaa. Andiko letu la kwanza, lenye majina saba na saba, lilikataliwa kwa kukosa mchanganuo mzuri wa fedha. La pili tumelipeleka. Tunapongoja jibu, cherehani mbili za kuazima zinashona sare za Januari: sketi za bluu, na hijabu nyeupe ambazo jirani yangu amenifundisha kuzikata bila kupoteza kitambaa.