Chuo Kikuu Chamfuata Askari Kituoni

Askari aliyeko Kampala leo aweza kuamriwa kuhamia Moroto au Arua kesho, na amri haingoji muhula umalizike. Ndiyo maana mpango wa kufundisha masomo ya chuo kikuu kwa mseto, yaani sehemu darasani na sehemu kwa njia ya intaneti, wawahusu sana watu wavaao sare.

Chuo Kikuu cha Makerere, kilichoanza mwaka 1922 kikiwa shule ya ufundi, hakikuanza jana kumfikiria mwanafunzi aliye mbali. Mwaka 1991 kilianzisha masomo ya shahada za ualimu na biashara kwa wanafunzi wa nje. Mwanafunzi alipewa maandishi ya masomo, akajisomea kwake, kisha akaja chuoni kwa vipindi vifupi kuonana na walimu. Baadaye chuo kilijenga jukwaa la kompyuta liitwalo MUELE, kwa kutumia programu ya Moodle, ambayo haina ada ya leseni. Humo mwalimu huweka mihadhara na mazoezi. Mwanafunzi huyasoma kwa saa aipatayo, akaleta majibu na kujadiliana na wenziwe.

Mwezi Machi 2020, serikali ilipovifunga vyuo kwa sababu ya UVIKO-19, lililokuwa la hiari likawa la lazima. Hapo faida na kasoro zilionekana pamoja. Aliyekuwa na kompyuta na umeme aliendelea; asiye navyo, au asiyemudu gharama ya intaneti, alibaki nyuma.

Sisi twaona kwamba funzo la wakati ule ni hili: kuweka maandishi mtandaoni na kuyaacha hapo hakutoshi kuitwa kufundisha. Kila askari ajua kwamba sehemu za bunduki zaweza kusomwa kitabuni, lakini shabaha hufundishwa uwanjani. Kadhalika katika mseto ulio mzuri, yale ya kusoma na kukariri hutangulia mtandaoni, na saa chache za darasani huwekewa mjadala, majaribio na masahihisho ya mwalimu.

Kwa hiyo, ndugu askari anayetaka kujiandikisha hana budi kuuliza kwanza: ni siku zipi ambazo lazima nihudhurie? Mtihani hufanyiwa wapi? Mtandao ukikatika, je, nitaongezewa muda? Kisha amwarifu mkuu wake mapema, kabla ya kulipa ada. Wala asimpe mtu mwingine nywila yake amfanyie mazoezi, kwani shahada ya namna hiyo ni sawa na cheo cha kuazima.

Nao wakuu wa vikosi na vituo, twawaomba wazihesabu siku za mtihani wanapopanga zamu na likizo. Ruhusa ya siku mbili yaweza kuokoa jasho la miaka mitatu.