JINA JUU YA BAHASHA
Namna ya kuwaandikia wageni mwaliko wa arusi

Majira ya kiangazi, kuanzia mwezi wa Juni hadi Septemba, ndiyo majira ya arusi nchini Burundi. Kila Jumamosi magari yaliyopambwa kwa maua hupita barabarani, na majuma machache kabla ya siku hiyo jamaa wa pande mbili huketi pamoja wakiwa na rundo la kadi, orodha ya wageni na kalamu. Wengi huiona kazi hiyo kuwa ndogo. Huumiza vichwa juu ya vinywaji, mavazi na ukumbi, na kazi ya kuandika bahasha humwachia kijana yeyote mwenye mwandiko mzuri. Hilo ni kosa, maana mgeni hupokea bahasha kabla ya kupokea sahani, na jina lake likiandikwa vibaya hukaa na uchungu huo hata baada ya karamu kusahauliwa. Wako jamaa walioacha kutembeleana kwa ajili ya mstari mmoja wa wino.

Mke ana jina lake

Katika nchi nyingi za Ulaya imekuwa desturi mke kuchukua jina la mumewe na watoto kurithi jina hilo. Kwa hiyo mwaliko wa “Bwana na Bibi Fulani” hueleweka huko mara moja. Katika Burundi, kama ilivyo katika Rwanda, desturi ya asili ni kumpa kila mtoto jina lake mwenyewe. Ndugu watano wa baba mmoja na mama mmoja waweza kuwa na majina matano yasiyofanana. Nyandwi ni jina la mtoto wa saba, Minani wa nane, Nyabenda wa tisa, na Bucumi wa kumi. Mapacha huitwa Bukuru na Butoyi, na anayewafuata huitwa Ciza. Majina mengine humtaja Mungu, kama vile Habonimana na Hakizimana. Siku hizi wako wazazi wanaowapa watoto jina la baba, lakini mwanamke aolewapo kwa kawaida hubaki na jina alilopewa kwao.

Basi mtu akiiga kadi za kigeni na kuandika “Bwana na Bibi Nyandwi”, amempa mke jina ambalo si lake. Tena amemwita mtoto wa saba, naye pengine ni kifungua mimba kwa wazazi wake. Iliyo sahihi ni kuandika majina yote mawili: “Bwana Nyandwi na Bibi Habonimana”. Kuandika “Bwana Nyandwi na mkewe” si tusi, lakini kunaonyesha kwamba mwandishi hakujisumbua kuuliza. Ikiwa jina la mke halijulikani, na liulizwe kwa jirani au kwa mtu wanayefanya kazi pamoja.

Hata hivyo, wako wanawake, hasa maofisini, wanaopenda kuitwa kwa jina la mume kwa kufuata desturi ya Kifaransa. Hao waandikwe hivyo. Kanuni inayofaa mahali pote ni moja: mtu aandikwe kama yeye mwenyewe anavyojiita.

Yafaa pia kukumbuka kwamba majina mengi ya Kirundi hutumiwa na wanaume na wanawake sawasawa. Niyonzima aweza kuwa mzee mwenye ndevu au binti wa miaka ishirini. Kwa hiyo neno “Bwana”, “Bibi” au “Binti” lisiachwe, wala lisikisiwe. Tena, katika ofisi moja waweza kuwapo akina Niyonzima watatu wasio na udugu wowote. Jina la ubatizo au la Kiislamu liongezwe, pamoja na mahali pa kazi au mtaa, ili kadi isimfikie asiyealikwa.

Wajane

Hapa ndipo panapohitaji uangalifu zaidi. Vita vilivyoanza mwaka 1993 viliwaacha wanawake wengi wakiongoza nyumba peke yao. Mwanamke wa namna hiyo amelima, amesomesha watoto, na pengine ametoa mchango wake kwa arusi hiyo hiyo. Akipokea bahasha iliyoandikwa “Familia ya marehemu Bwana Minani”, amekumbushwa msiba wake, na yeye mwenyewe hakutajwa. Aandikwe kwa jina lake kamili, na mbele yake neno “Bibi” au “Mama”. Heshima ya marehemu haipungui kwa mkewe kutajwa.

Wazee na wenye vyeo

Mzee aliyetawazwa kuwa Mushingantahe, yaani mwamuzi na mpatanishi katika watu wake, anastahili kuandikwa kwa cheo hicho, kwa kuwa hakukipata kwa mshahara bali kwa mwenendo wake. Mkewe huitwa Mupfasoni, neno la heshima kwa bibi mwenye staha. Padri, Mchungaji, Shehe na Sista waandikwe kwa vyeo vyao. Aliyekwenda Makka aitwe Alhaji, na mwanamke Hajati. Mwalimu hubaki Mwalimu hata baada ya kustaafu, na wanafunzi wake wa zamani wasione haya kuliandika neno hilo. Askari aandikwe kwa cheo alicho nacho sasa. Kumshusha ni fedheha, na kumpandisha ni dhihaka.

Jambo jingine ni kwamba si kila mtu hutosheka na kadi. Shangazi, mjomba na babu ni wenye arusi pamoja na wazazi. Kuwatumia kadi peke yake ni kuwafanya wageni wa mbali. Hao hufuatwa nyumbani kwao, huelezwa habari kwa mdomo, kisha hukabidhiwa kadi kwa mikono miwili ili wawe nayo kama kumbukumbu.

Watoto na watu wa nyumbani

Maneno “na familia” yameleta aibu nyingi. Mwenye kualika hufikiria watu wawili. Mwenye kualikwa huja na wanane, na viti havitoshi. Kama watoto wamealikwa, na waandikwe. Kama nafasi ni ya watu wawili tu, majina mawili yaandikwe bila kuongeza neno. Kijana aliyekwisha kuwa na kazi na nyumba yake apewe kadi yake mwenyewe, asifichwe ndani ya bahasha ya baba.

Tangazo la “Wafanyakazi wote” linalobandikwa ukutani ofisini halimwaliki mtu yeyote. Tarishi, dereva na mtumishi wa nyumbani nao wana majina. Wakialikwa, waandikwe kama wengine. Ni vibaya kumwalika mkubwa wa kazi kwa kadi ya dhahabu, na mfagiaji kumwambia mlangoni, “Njoo tu.”

Waliotangulia

Ndani ya kadi hutajwa wazazi wa pande zote mbili ambao wanawaalika wageni. Lakini katika nchi iliyopita katika misiba ya mwaka 1972 na ile ya 1993, maharusi wengi wamelelewa na baba mdogo, dada mkubwa au msamaria. Mwaliko na utolewe kwa jina la mlezi huyo, bila kuona haya, na majina ya wazazi yatajwe yakitanguliwa na neno “marehemu”. Hivyo aliyezaa na aliyelea wote wamepewa haki yao.

Mwaliko wa simu

Siku hizi picha ya kadi hutumwa kwa simu kwa watu mia kwa mara moja. Njia hiyo hupunguza gharama, nayo humfikia ndugu aliye ng’ambo. Ila picha isiyo na jina huonekana kama tangazo la mnada. Inatosha kuitanguliza kwa mstari mmoja wenye jina na cheo cha mtu.

Ili makosa yapungue, orodha ya wageni na isomwe kwa sauti na watu wawili, mmoja wa upande wa bwana arusi na mwingine wa upande wa bibi arusi, kabla ya bahasha ya kwanza kuandikwa. Jina lenye shaka lipigiwe mstari na kuulizwa. Kazi hiyo ni ya jioni moja, wala haigharimu hata faranga moja. Si kila nyumba inaweza kuchinja ng’ombe, lakini hakuna nyumba iliyo maskini kiasi cha kushindwa kumwita mgeni kwa jina lake.