Magugu ya ziwani, vipande vya vitenge na uzuri wa shamba ndani ya nyumba za Buzuruga

Kata ya Buzuruga hujulikana zaidi kwa stendi yake kuliko kwa mandhari. Nyumba zimesongamana, na magari yaendayo Musoma hupita usiku na mchana. Hata hivyo, mawe makubwa yaliyoipa Mwanza jina la Jiji la Miamba yapo jirani, na ziwa haliko mbali. Vitu vinavyoipendezesha nyumba ya shamba, kama vile mkeka na kikapu, havihitaji mkazi wa mjini atumie fedha nyingi. Baadhi ya malighafi zake ni vitu ambavyo wengi huviita uchafu.

Mfano ulio wazi ni gugumaji lenye maua ya zambarau. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na lilianza kuonekana katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Katika miaka ya 1990 lilifunga mialo na kuwazuia wavuvi kutoka. Wadudu wadogo jamii ya fukusi waliopandikizwa ziwani walilipunguza sana, lakini halikwisha. Mwanzoni mwa mwaka 2025 magugu yalikwamisha tena vivuko kati ya Kigongo na Busisi.

Bua la gugumaji, likikauka, hugeuka uzi mgumu wenye rangi ya asali. Kisumu, upande wa Kenya, mafundi hulisukia vikapu, viti na hata mikoba. Huchaguliwa mabua marefu, hukatwa majani na mizizi, huoshwa kwa maji safi, kisha huanikwa juani hadi yakauke kabisa. Hapa ndipo wengi huharibu kazi, kwa kuwa sehemu kubwa ya uzito wa mmea huu ni maji, na bua lililosukwa likiwa bado na unyevu huota ukungu ndani ya wiki chache. Bua kavu hulowanishwa kidogo tu ili lisikatike, husukwa mithili ya ukili, na msuko huo huzungushwa na kushonwa kwa sindano kubwa kuanzia kitako cha kikapu.

Tahadhari ni mbili. Maji yaliyotulia kwenye magugu huhifadhi konokono waenezao kichocho, hivyo asiingie mtu bila viatu vya mpira, na watoto wasitumwe kabisa. Pili, mmea mbichi usipelekwe kwenye lambo, bwawa wala mtaro, kwani kipande kimoja chenye mizizi hutosha kuanzisha tatizo jipya.

Kwa asiyetaka kwenda ziwani, zipo cherehani za mtaani. Vipande vya vitenge vinavyofagiliwa jioni huunganishwa vikawa foronya, zulia dogo la mlangoni au bitana ya kikapu. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, kikapu chenye bitana imara kina kazi kila siku sokoni. Zulia, kusema kweli, huchukua muda mrefu kuliko bei yake. Ni bora kulishona kwa matumizi ya nyumbani.

Anayetafuta mitindo na afike Makumbusho ya Wasukuma, Bujora, Kisesa, kwa kufuata barabara ileile ya Musoma. Ngoma, vigoda na vyombo vya nyumbani vilivyomo humo vinafundisha umbo na uwiano.

Wanaokusudia biashara wanashauriwa kujiunga katika kikundi. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, lina ofisi Mwanza na hutoa mafunzo ya ujasiriamali. Kabla ya kuomba mkopo ni vema kikundi kiwe kimekwisha kutengeneza na kuuza walau vikapu vichache, ili kijue gharama halisi ya kimoja. Utaratibu wa usajili hutolewa na Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata.