Kabla ya Kupiga Mbizi, Jua Kina Chako

Je, likizo hii waenda Watamu au Shimoni, na kijana wako ataka kuzamia kwa mtungi wa hewa? Basi jua haya. Mwenye cheti cha kwanza hushauriwa asipite mita 18. Akiongeza mafunzo hufika 30, na ukomo wa wazamiaji wa starehe ni mita 40. Kwa nini? Kadiri ushukavyo, maji hukukandamiza zaidi na mwili hufyonza naitrojeni. Ukipanda kwa pupa, gesi hiyo hufanya mapovu yawezayo kupooza viungo, hata kuua. Panda polepole, usizuie pumzi. Ukizamia mara kadhaa, ngoja angalau saa 18 kabla ya kurudi Nairobi kwa ndege. Na kabla ya kulipa, mwombe mwalimu akuonyeshe cheti chake.