Pikapu ya sufuria: ulipe au uiache?

Kaa asubuhi moja kando ya barabara ya Thika kwenda Garissa, pale Kithimani, uhesabu pikapu zinazopita na maembe, mishiri, matangi ya maji na mawe ya Ndarugo. Karibu zote ni za bati la chuma: Hilux, D-Max, Land Cruiser. Mara moja moja hupita Land Rover 110 kuukuu ya mizigo, yenye bodi ya alumini, na utani huanza hapo hapo. "Hiyo ni sufuria yenye magurudumu." Anayetaka kuinunua husikia mengi zaidi: kwamba inabonyea kwa kiwiko, kwamba hakuna fundi anayeiweza, kwamba haishiki kutu hata kidogo. Hilo la mwisho husemwa na muuzaji, nalo ndilo limewapotezea watu pesa nyingi.

Kwanza tuondoe Ford njiani. Pikapu ya alumini inayotajwa sana duniani ni Ford F-150, iliyoanza kutumia bodi hiyo kwa modeli ya 2015. Kule Marekani usukani wake uko kushoto, na Kenya haisajili gari la kawaida la namna hiyo. Ford Ranger unayoiona Thika ni gari jingine kabisa, na bodi yake ni chuma. Kwa hiyo mnunuzi wa Kithimani anayetaka pikapu ya alumini amebaki na Land Rover ya zamani. Nayo haiagizwi tena: ya mwisho ilitoka kiwandani Solihull, Uingereza, tarehe 29 Januari 2016, na Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Utachagua kati ya zile ambazo tayari zimezeeka humu nchini.

Sasa hiyo sufuria. Land Rover ilipoonyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, chuma kilikuwa cha mgao baada ya vita, ndiyo maana wakageukia alumini. Lakini waliichanganya na magnesi, ikawa ngumu kuliko ile ya kupikia. Itabonyea ukiigonga, ndiyo, ila hata bati la gari la siku hizi linabonyea.

Kutu ndiyo hoja yenye mtego. Alumini yenyewe haioti kutu nyekundu, na kwa anayebeba tangi la maji linalovuja kila siku hiyo ni faida ya kweli. Tatizo ni kwamba chasisi ni chuma, na hata ukuta ulio kati ya injini na dereva ni chuma. Mahali chuma kinapogusana na alumini, maji yakiingia, alumini huliwa pole pole, rangi ikavimba na unga mweupe ukatokea chini yake. Bodi inaweza kung'aa huku chasisi imeoza kama kuni za zamani. Na ile sumaku ya kutafuta puti iache nyumbani: kwenye alumini haishiki popote, pawe na puti au pasiwe.

Mpishi wa muthokoi anajua adui mwingine. Ukiweka magadi kwenye sufuria ya alumini, inageuka nyeusi. Saruji mbichi na chokaa hufanya kazi hiyo hiyo kwenye sakafu ya pikapu. Ukibeba saruji, osha siku hiyo hiyo. Mawe ya Ndarugo nayo yatandikie mbao, kwa maana kona ya jiwe inayobonyeza chuma inaweza kutoboa alumini.

Gharama kubwa iko kwa fundi. Mlango wa Hilux ukigongwa, fundi wa jua kali anaunyoosha na kuuchomelea jioni hiyo kwa mashine aliyo nayo. Alumini haimpi onyo: haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka, na hutaka mashine inayotumia gesi ya agoni. Ukienda kuitafuta Thika au Nairobi, ongeza nauli, gari la kuvuta, na siku ambazo mboga zako zinasubiri shambani. Hesabu hizo siku; wengi hawazihesabu. Ila kuna nafuu moja: sehemu nyingi za bodi ya Land Rover zimefungwa kwa bolti na ribiti. Unafungua kipande kilichoharibika na kufunga kingine, spana mkononi.

Kuhusu dizeli, usidanganywe. Bati la alumini lina uzito wa karibu theluthi moja ya bati la chuma lenye unene huo huo, lakini chasisi na ekseli nzito zinaimeza faida yote. Land Rover hainunuliwi kwa kubana mafuta.

Kwa hiyo, anayebeba mawe na saruji kila siku na hana akiba ya gari kulala gereji, achukue D-Max. Spea zipo na kila fundi anaijua. Mkulima wa kando ya mfereji wa Yatta, mwenye mboga na matangi ya maji, akipata 110 ambayo chasisi yake inalia kwa sauti safi ikigongwa nyundo, mimi ningemwambia alipe. Lakini asitoe hata shilingi kabla hajalala chini ya gari hilo na tochi.